Kipande cha Bega la Kushoto

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, mke wangu aliweka mguu wa kulia juu ya kigoda, akavuta kanga hadi gotini, akasema, "Hebu liangalie hili. Haliwashi. Linachoma."

Niliangalia saa kwanza, kisha mguu. Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko mjini Tabora, kando ya barabara iliyokuwa njia ya misafara ya kwenda Ujiji, na nyumba yetu iko Cheyo. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, kwenye vitabu vya mitumba na, miaka hii, kwenye simu. Nimejizoesha kutosema najua jambo mpaka niwe nimelipima.

Juu ya muundi palikuwa na doa la ukubwa wa kifungo cha shati, jekundu linaloelekea zambarau. Nililigusa. Lilikuwa gumu kidogo, na mke wangu akavuta mguu.

Ili hasira yangu ieleweke, lazima nieleze ngozi yake. Kwa miaka sita amekuwa akitokwa na mabaka. Ngozi inavimba ghafla, mgongoni, mapajani, shingoni, kana kwamba ameangukia upupu. Inawasha mpaka jembe linamtoka mkononi, halafu inashuka na kuwa laini kama haijawahi kuguswa. Hospitalini waliyaita mabaka sugu, wakampa vidonge vya kupunguza mwasho, wakamwambia si ugonjwa wa kufa. Mimi nilifungua daftari. Niliandika saa baka lilipotokea na saa lilipoondoka, alichokula, kazi aliyofanya. Sababu sikuipata. Nilichopata ni kanuni moja tu: katika miaka sita yote, hakuna baka lililoona jua mara mbili. Linaweza kuja jingine pembeni yake, lakini lenyewe halipitishi siku.

Siku nane kabla ya Jumanne ile, alikuwa ameanza vidonge vya salfa kwa sababu mkojo ulikuwa unamchoma. Vilikuwa vikubwa, vyeupe, viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku kumi. Mchomo wa mkojo ulikwisha siku ya tatu.

Nilichukua kalamu ya bluu nikalizungushia doa lile duara, na pembeni nikaandika 1:12.

"Baba, unaniandika kama daftari la mwenye duka," alisema.

"Nataka kujua litaondoka saa ngapi."

"Likitaka kuondoka litakuaga."

Jumatano saa moja na dakika kumi na mbili doa lilikuwa palepale ndani ya duara lake, na mengine matano yalikuwa yamejipanga kuelekea kifundo cha mguu. Niliyazungushia yote. Kisha nikafanya jambo nililokuwa nimelisoma lakini sijawahi kulijaribu. Nilitoa kwenye droo kioo cha saa ya mkononi, cha mviringo, kisicho na mkwaruzo. Kwanza nilikibandika juu ya baka la kawaida lililokuwa limemtoka mkononi asubuhi ile, nikakandamiza. Wekundu ulikimbia, chini ya kioo ngozi ikawa nyeupe. Kisha nikakibandika juu ya doa la muundi, nikakandamiza vilevile. Wekundu haukwenda popote.

Damu iliyo ndani ya mshipa ukiikandamiza husogea. Iliyokwisha kumwagika nje ya mshipa haina pa kwenda.

Kabla ya saa nne tulikuwa mbele ya tabibu, kijana wa umri wa mtoto wetu wa kwanza.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

Aliamkia vizuri, sina la kusema hapo. Akafungua faili. Juu ya karatasi ya kwanza mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu MABAKA SUGU, na ninavyoona mimi, baada ya kuyasoma maneno hayo mawili hakuona tena kitu kingine chumbani mle.

"Mama, si yale yale yako?"

"Haya yanachoma, daktari."

"Ni yale yale. Yanabadilikabadilika tu."

"Yale hayapitishi siku," nilisema. "Hili lina saa ishirini na sita. Na ukilibandika kioo, wekundu hautoki. Ameanza dawa ya salfa wiki iliyopita. Nimesoma kwamba—"

"Kioo gani?"

Nikakitoa. Akakiangalia kwenye kiganja changu, akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mzee, wewe ni daktari?"

"Ni fundi saa."

"Basi. Mimi sijaja kibandani kwako kukufundisha saa."

Nesi aliyekuwa mlangoni akacheka naye. Mke wangu akatazama sakafu.

Tabibu aliagiza mkojo upimwe. Majibu yakaja: kuna damu na kuna protini. Akanigeuzia karatasi kama mtu anayeonyesha turufu. "Unaona? Maambukizi bado yapo. Dawa haijamaliza kazi." Akaandika dawa ileile, wiki mbili zaidi.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara nafika palepale. Dawa ilikuwa inaumiza mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo imo kwenye ngozi na imo kwenye figo. Ya ngozi ilivuja kwenye muundi, ya figo ikavuja kwenye mkojo. Mkojo wenye damu ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba dawa ni kidogo. Yaani alama ya sumu ilisomwa kama sababu ya kuongeza sumu. Sikuyajua yote haya siku ile. Nilijua nusu. Kijana yule alisomea hata nusu niliyokuwa siijui, na miguu ya mke wangu ilikuwa mita moja kutoka machoni pake.

Nilisema sitoki mpaka aagize ngozi ikatwe na kupimwa. Akashusha pumzi. "Daktari bingwa wa ngozi anakuja kila Ijumaa. Kama una hela za kuchezea, nakuandikia." Hela zile zilikuwa za kukata kipande, chupa yenye dawa ya kukihifadhi, kukituma Mwanza kwa basi, na mtaalamu wa huko kukisoma kwa hadubini. Nililipa asubuhi ileile. Niliweka risiti kwenye daftari.

Lakini vidonge mke wangu aliendelea kumeza, na mimi nilimwangalia akimeza. Nilijiambia tusubiri hadubini iseme. Nilikuwa na kioo, nilikuwa na saa, nilikuwa na daftari, na bado nilisubiri mtu mwenye koti jeupe aniruhusu kuamini nilichokiona.

Ijumaa nilitangulia alfajiri kwenda kushika nafasi kwenye foleni. Yeye alikuja saa tatu, amevaa gauni refu na kanga ya kwaya, ananukia sabuni, anang'aa kwa mafuta. Nilimwona akitokea getini na nikajivunia. Naandika hili kwa makusudi: nilimwona anang'aa, nikafurahi. Mlangoni nesi akanizuia kwa kiganja. "Mzee, wewe subiri nje." Nikasubiri nje. Baada ya robo saa akatoka.

"Wamekata?"

"Wamekata."

Sikuuliza wapi. Mtu anayeandika hata dakika hakuuliza wapi.

Majibu yalikuja Jumanne ya pili yake, siku kumi na moja baadaye. Kufikia hapo madoa yalikuwa yamepanda hadi magotini. Viatu vyake vya kamba vilikuwa vinaacha mfereji kwenye miguu iliyovimba, na mkojo, aliniambia kwa aibu, ulikuwa unatoa povu kama maji ya kufulia. Zilibaki dozi za siku mbili. Tabibu alisoma karatasi kwa sauti, polepole, ili nifaidi. Majimaji yametanda katikati ya nyuzi za ngozi ya ndani. Seli chache kuzunguka mishipa. Kuta za mishipa ni nzima. Inaafikiana na mabaka sugu.

"Nilikuambia nini, mzee? Hadubini imesema."

Nikaomba nisome mwenyewe. Mstari wa kwanza kabisa, ambao hakuusoma, uliandikwa: ngozi ya bega la kushoto.

"Bega halina doa," nilisema.

"Ngozi ni ngozi, mzee."

"Hadubini haijasema uongo. Mmeiuliza habari za bega, ikajibu habari za bega. Mimi nimelipia mguu."

Akaita anayefuata.

Tulitembea hadi nyumbani. Nilifunga mlango ndipo nikamuuliza.

"Kwa nini wakukate begani? Kwa nini si mguuni, penye duara?"

"Duara lipi? Nilioga."

"Ulioga ukayafuta?"

"Nilijisugua kwa dodoki mpaka yakatoka yote, na yalikuwa magumu kutoka. Ulitaka nisimame mbele ya daktari nimechorwa kama ng'ombe wa mnadani?" Alikuwa ameanza kupandisha sauti. "Mama yangu kule Puge hakuwahi kututoa nyumbani kwenda zahanati bila kutusugua visigino. Hospitali na kanisani hapaendwi na mwili mchafu. Daktari akiona mchafu anaandika mchafu."

"Na bega?"

"Aliniuliza, mama, wapi pamevimba sasa hivi? Bega lilikuwa limevimba. Nikamwonyesha bega."

Bila shaka lilikuwa limevimba. Ngozi ya mabaka ukiisugua kwa nguvu huvimba palepale uliposugua. Hilo lilikuwa kwenye daftari langu tangu mwaka wa kwanza. Alijisugua ili awe na heshima mbele ya daktari, dodoki likaamsha baka jipya, na baka jipya, kubwa, zuri, likachukuliwa kipande, huku madoa yenyewe yakiwa chini ya gauni.

"Hukumwambia habari za miguu?"

"Hakuna aliyeniambia niinue gauni. Ningejivua mwenyewe?"

"Lakini duara nililichora kwa ajili hiyo!"

"Uliniambia?" Hapo akanitazama usoni. "Wewe unachora, unaandika, unafunga daftari. Siku hata moja hukuniambia duara ni la nani. Nilidhani ni la daftari lako. Nilidhani ni mambo yako ya saa."

Karibu wiki mbili nilikuwa namkasirikia kijana asiyeangalia miguu, kumbe na mimi nilikuwa naangalia miguu tu, simwangalii mwenye miguu. Mafundi tuna ugonjwa huo: saa ikifika mezani tunaifungua, hatuzungumzi na mwenyewe aliyeileta.

Nilichukua kifuko cha vidonge, nikakitia kwenye droo ya springi, nikafunga kwa ufunguo. Nikamweleza yote: mishipa, figo, kwa nini saa ishirini na nne ni mpaka, kwa nini kioo. Ilichukua muda wa kupika ugali. Alisikiliza huku akisonga, na mwisho aliuliza swali moja tu.

"Figo zikiharibika, zinarudi?"

"Zikiwahiwa."

"Basi tuwahi. Nichore."

Doa jipya kuliko yote lilitoka Jumatano saa kumi na moja jioni, juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Nililizungushia, na safari hii nilitumia kalamu ya wino usiofutika, ile ya kuandikia magunia. Hakuoga miguu siku mbili. Alikuwa ametoka shambani kwetu Ntalikwa, na vumbi lilikuwa limemganda hadi magotini. Kwenye foleni ya Ijumaa alijifunika kanga hadi kwenye vidole, na mama mmoja aliyekaa karibu akamnong'oneza mwenzake jambo, wakacheka. Mke wangu aligeuka. "Cheka tu, dada. Leo nimekuja na ushahidi."

Mlangoni nesi akainua kiganja.

"Mzee, wewe—"

"Siingii kutibu. Naingia kusema saa."

Nikapita. Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo kama sisi. Mke wangu hakungoja kuambiwa: aliweka mguu wenye vumbi juu ya kiti cheupe, akavuta gauni, akasema, "Daktari, naomba radhi kwa uchafu. Hili lina saa arobaini."

Daktari aliinama. Nikampa kioo cha saa. Alikitazama, akanitazama, hakucheka. Akakandamiza. Akahamia doa jingine, akakandamiza. Aliliangalia kwa muda nilioupima: sekunde zaidi ya ishirini.

"Anatumia dawa gani?"

"Salfa, siku ishirini na tatu. Nimeisimamisha mimi Jumanne."

"Nani alisema aendelee?"

Nikamwonyesha kwenye faili mwandiko wa tabibu. Aliusoma. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Lile la bega nilikata mimi. Sikuangalia miguu." Hakujitetea zaidi ya hapo wala hakuomba radhi. Hasira yangu kwake ilipungua nusu. Nusu nyingine ninayo mpaka leo.

Alikata kipande pembeni ya duara langu, kikubwa kama punje ya mtama. Akaandika kwenye fomu, na nilimwona akiandika: kifundo cha mguu wa kushoto, doa la saa arobaini, halipotei likikandamizwa, mgonjwa wa mabaka sugu, alikuwa kwenye salfa. Fomu ya kwanza, iliyokuwa bado kwenye faili, ilikuwa na maneno matatu: bega la kushoto. Akaanzisha dawa ya kutuliza mishipa hata kabla ya majibu, akaagiza figo zipimwe.

Wiki mbili baadaye alitupigia simu twende. Mwenzake wa Mwanza alikuwa amempelekea picha mbili za hadubini kwenye simu, ya bega na ya mguu, na aliziweka mezani tuzione, moja baada ya nyingine. Ilikuwa ngozi ya mtu mmoja. Katika picha ya bega nyuzi zilikuwa zimeachana, kama kitambaa kilicholowekwa, lakini vijishimo vya mishipa vilikuwa vya mviringo na safi, kila kimoja na ukuta wake. Ni uvimbe wa maji tu, utakaokauka. Katika picha ya mguu sikuweza kwanza kuona mshipa uko wapi. Ukuta ulikuwa umechanikachanika. Chembe nyekundu za damu zilikuwa zimemwagika nje, na kati yake palikuwa na vumbi la zambarau iliyokolea.

"Vumbi hili ni nini?" nilimuuliza.

"Viini vya seli zilizokuja kupigana, zikavunjikia hapo. Na hizi zenye punje nyekundu nyekundu, mara nyingi tunaziona dawa inapokuwa ndiyo chanzo. Peke yake haithibitishi. Lakini pamoja na saa zako, inatosha."

Mke wangu aliinamia simu ile muda mrefu. "Kumbe ndani ndiko kulikuwa kuchafu," alisema, "na mimi nasugua nje."

Mkojo wake ulisafika katika mwezi wa tatu wa matibabu. Figo zimerudi, na daktari anasema zimerudi zote. Mabaka ya zamani anayo bado; yanakuja, yanawasha, yanaondoka kabla ya jua la pili, na siku hizi tunayapokea kama mgeni anayejua kuaga.

Nilirudi kwa tabibu na barua ya daktari wa ngozi ili jina la dawa liandikwe juu ya faili kwa wino mwekundu, mahali palepale penye MABAKA SUGU, asije akapewa tena. Alisoma barua. Akaandika: Mzio wa salfa. Kisha akaongeza alama ya kuuliza.

"Alama hiyo ni ya nini?"

"Ni tahadhari tu, mzee."

Hivyo nilichukua saa ya kike iliyokufa mashine zamani, nikaung'arisha mfuniko wa nyuma, nikachonga kwa sindano yangu ya chuma: HATUMII SALFA. Sikuweka alama ya kuuliza. Mwanzoni aliikataa. "Watu wataniuliza saa ngapi, nitawaambiaje?" Sasa anaivaa hata shambani. Akiulizwa saa anajibu, "Muulize mume wangu," na anaendelea kulima.

Lilibaki jambo moja. Nilikwenda kwenye dirisha la malipo na risiti mbili, nikaeleza kwamba kipande cha kwanza kilikatwa mahali pasipo na ugonjwa nilioulipia, kwa hiyo naomba nirudishiwe. Karani alizisoma risiti zote mbili, akazigeuza nyuma, akanirudishia chini ya kioo.

"Huduma ilitolewa, mzee."

"Ilitolewa kwenye bega."

"Risiti haiandiki bega."

Risiti ile ipo kwenye daftari, ukurasa wa Jumatano ile ya kwanza, na pembeni yake nimechora duara: shilingi elfu themanini na tano.